Beki Aliyevuka Mpaka

Sogeeni, wanangu. Washambuliaji mnawajua wote kwa majina, hata viatu wanavyovaa. Leo nawapa beki.

Jina lake Miodrag Belodedici. Alizaliwa 1964 katika kijiji cha Socol, nchini Romania, mpakani kabisa na Yugoslavia ya wakati ule. Familia yake ilikuwa ya Waserbia, na tangu utotoni moyo wake ulikuwa kwa Red Star, timu ya Belgrade, ng'ambo ya pili ya mpaka.

Alicheza libero, yaani beki wa mwisho, anayekaa nyuma ya mabeki wenzake na kufagia kila kinachowapita. Wengine wangebutua tu mpira uende zake. Yeye aliutuliza, akainua kichwa, kisha akaondoka nao taratibu kwenda mbele. Kwa mwendo ule laini, Waromania walimwita paa.

Mei 1986, akiwa na Steaua ya Bucharest, alicheza fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Barcelona mjini Sevilla. Dakika 120 zikaisha bila bao. Kwenye matuta, kipa Helmuth Duckadam akapangua penalti zote nne za Barcelona. Nne, wanangu! Steaua wakashinda 2-0.

Mngedhani mtu wa namna hiyo ametulia. Lakini Romania ilikuwa chini ya Nicolae Ceaușescu, na raia hakutoka nchini kwa hiari yake. Mwishoni mwa 1988 Belodedici akapata kibali cha kuvuka kwenda Yugoslavia. Inasimuliwa kwamba aliaga anakwenda harusini. Hakurudi. Sasa, Steaua ilikuwa klabu ya jeshi, na wachezaji wake walihesabiwa askari. Kwa hiyo kuondoka kwake kukaitwa usaliti, naye akahukumiwa kifungo cha miaka kumi bila kuwapo mahakamani. Akajiunga na Red Star, ila akafungiwa mwaka mzima asicheze mechi za mashindano. Kwa mchezaji wa miaka 24, mwaka wa kufanya mazoezi tu ni mrefu sana, nadhani kuliko hukumu yenyewe. Desemba 1989 utawala wa Ceaușescu ukaanguka, na kile kifungo kikafutwa.

Mei 1991, mjini Bari, Italia, ikaja fainali nyingine: Red Star na Marseille. Tena 0-0, tena matuta. Safari hii Belodedici mwenyewe alipiga, akafunga, na Red Star wakashinda 5-3. Klabu mbili tu za Ulaya Mashariki zimewahi kulibeba kombe lile, na yeye alikuwa uwanjani katika fainali zote mbili.

Matuta, hata hivyo, hayana rafiki. Kombe la Dunia 1994, Marekani, Romania iliitoa Argentina 3-2, kisha ikakutana na Uswidi robo fainali. Sare ya 2-2. Penalti ya mwisho ya Romania ilikuwa ya Belodedici. Kipa Thomas Ravelli akaipangua, na Romania ikarudi nyumbani.

Paa akaendelea kutembea: Hispania, Mexico, halafu 1998 akarejea Steaua, klabu ileile iliyoitwa imesalitiwa. Akavaa jezi yake hadi 2001, na katikati ya hapo, akiwa na miaka 36, akaenda Euro 2000 na timu ya taifa.