Kuku Aliye Hai Haozi

Katika masoko ya Morogoro Mjini, kuku bado huuzwa akiwa na uwezo wa kulalamika. Mteja humpapasa kifua, humtazama macho, hubishana bei, kisha huchinjiwa na kunyonyolewa papo hapo. Wapo wanaoona huo ni ushamba. Ni hesabu tu: kuku aliye hai haozi, tena hadai umeme.

Kiwanda huigeuza hesabu hiyo. Kuku hunyimwa chakula kwa saa 8 hadi 12, kwa sababu utumbo uliojaa ukipasuka huchafua nyama. Huning'inizwa miguu juu kwenye mnyororo, kichwa kikipita katika maji yenye umeme ili azimie. Hatua hii bado inabishaniwa na Waislamu wanaotaka uhakika kwamba anachinjwa akiwa hai. Baada ya kisu, damu hutoka kwa dakika chache. Kisha huzamishwa katika maji ya nyuzi joto kati ya 50 na 60, na vidole vya mpira vinavyozunguka humnyonyoa. Nchini Marekani, kanuni za mwaka 2014 ziliruhusu mstari mmoja kupitisha kuku 140 kwa dakika. Mchinjaji wetu wa sokoni angekuwa bado kwenye salamu.

Lakini kasi siyo kiini cha kiwanda. Kiini ni mambo mawili: ukuta na baridi. Ukuta hutenga upande mchafu wa damu, manyoya na utumbo na upande safi wa nyama. Baridi humshusha kuku kutoka joto la mwili wake, kama nyuzi 41, hadi 4, kabla bakteria hawajaongezeka. Marekani hutumia sana maji baridi. Ulaya hupendelea hewa. Nyama iliyopozwa kwa maji hunywa maji kidogo, na mnunuzi huyalipia kwa bei ya kuku.

Kwenye bakteria hao ndipo ukaguzi wa sokoni unapoishia. Macho ya mteja yanaweza kumkamata kuku mwenye kideri. Kampilobakta, bakteria wa kuhara, hayaioni: hukaa ndani ya utumbo wa kuku mwenye afya njema, ikasubiri ndoo moja ya maji inayosuuza kuku wa watu wote.

Kwa upande mwingine, ahadi ya kiwanda hudumu kadiri jokofu linavyodumu. Kuku aliyepozwa vizuri Dar es Salaam, akashinda kwenye jokofu lililozimika la duka la Morogoro, ni hatari kuliko jogoo anayepiga kelele katika tenga la jirani.

Kwa hiyo mji huu unaweza kuanza bila mnyororo wa kuku 140. Unahitaji maji yanayotiririka, meza mbili zisizokutana, barafu na mkaguzi. Utaalamu upo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chuo kikuu tangu 1984, hufundisha madaktari wa mifugo humu humu mjini. Kinachokosekana ni bomba na mtu wa kulilipia.