Nduma Bila Chai

Kaa hapa kwa base nikushow kitu, na usijifanye ulikuwa unajua.

Kuna wasee wawili Wakenya walikuwa wanajiita Duma. Kwa Kiswahili ya mwalimu, duma ni yule paka wa mbio. Wao walimaanisha ya Kikuyu. Giza. Shida ni hapa Naks ukisema kitu inakaribia nduma, watu wanaona ile ya chai. Siku nimeambia mathe naskiza Duma, ameniuliza nani ameichemsha.

Sasa ngoma zenyewe. Niliweka moja kwa spika, keja ya Section 58, Sato asubuhi. Sekunde kumi hazijaisha, mzae ametoka bafu na povu kwa masikio, ameng'oa waya kwa ukuta. Hakuwa amekasirika, bana. Alikuwa anaokoa spika. Alidhani imeungua. Huyu ni mtu muziki kwake iliishia kwa mugithi, gita moja na msee mmoja kwa kona ya baa, so tusimlaumu sana. Tumcheke tu.

Akanituma kwa fundi. Fundi ameskiza, ametingisha kichwa kama daktari, amebadilisha waya, amekula soo tano. "Hiyo kelele sasa imeisha." Kelele haijaisha, mzee. Kelele ndio ngoma.

Hii ndio rada. Wa kupiga nduru alikuwa Martin Khanja, jina ya stage Lord Spikeheart. Wa gita na mashini alikuwa Sam Karugu. Wote ni watoto wa metal ya Nairobi: Khanja alikuwa na bendi inaitwa Lust of a Dying Breed, Karugu akawa na Seeds of Datura. Pasta akiskia tu hayo majina anaitisha kesha. Na unajua mafans wa metal, wale wa kuvaa nyeusi tii na buti ya mguu mzima, saa nane mchana, jua ya kukaanga yai. Pamba kali, lakini mateso.

2019 wakahepa Kampala, wakaingia studio ya Nyege Nyege, mbogi ya ile festival imekuwa ikiwasha Jinja tangu 2015. Huko ndio ilishika. Mpiga dramu hakuna. Mashini ndio inapiga dramu, speedi hakuna mkono wa binadamu inaweza, besi chini imepasuka makusudi, na Khanja juu anachana koo. Mizizi ya hiyo fujo ni Uingereza, grindcore, Napalm Death wa Birmingham. Hao 1987 walitoa albamu inaitwa Scum, ndani kuna You Suffer, ngoma ya sekunde moja na kitu. Guinness wakaiandika. Hiyo hata bando haiskii umestream.

Na ukitaka Waingereza wa mashini kabisa, wawili wawili, kuna Chase & Status. Saul Milton na Will Kennard. Walianza 2003, drum and bass ya kukimbia, dubstep ya kuburuta miguu, Rihanna akawaita wamtengenezee ngoma za Rated R ya 2009. 2024 wakabeba Brit ya producer wa mwaka, na mwaka huo huo Backbone, ile wako na Stormzy, ikafika namba moja kwao. Miaka 21, maze. Hao wako na redio, wako na masteji, wako na mtaa unajua besi ni nini. Duma walikuwa na tiketi ya Kampala.

Na hapa ndio inauma. Barabara ya Nairobi kwenda Kampala inapitia wapi? Hapa kwetu Nakuru! Kama walipanda basi, walitupita KFA, wakatupita Salgaa kati ya malori, na sisi tulikuwa kando ya lami na mahindi choma tunabishana nganya gani iko na besi. Aibu ndogo ndogo.

Albamu yao, jina Duma, ilidondoka Agosti 2020. Unakumbuka hiyo mwezi. Kafyu ya korona, saa tatu usiku kila mtu ndani kama kuku. Ngoma za kuvunja klabu, na klabu zote zimefungwa. Wakosoaji wa majuu walichizi. Sub Pop ya Seattle, wale walitoa Nirvana mara ya kwanza, wakawawekea singo. 2021 Khanja akaingia kwa Tewari, albamu ya Scotch Rolex, Mjapani wa Berlin alikuwa anajiita Scotch Egg mpaka akaonja rolex, chapo mayai ya Kampala, akabadilisha jina. Nduma na rolex, msee. Brekfasti iko tayari, chai tu ndio imekosekana. 2024 Spikeheart akatoa The Adept, solo, kwa lebo yake Haekalu.

Mimi kwa redio ya hapa sijawaskia hata siku moja. Lakini rally ikifika Naivasha, hapo sasa tunakuwa watu wa muziki. Keja ya kulala inapanda bei mara ngapi sijui, kila mtu ana jacket hajamaliza kulipa, unasimama kwa vumbi, DJ anachomeka flashi ya amapiano ileile umekuwa ukiskia bure kwa kinyozi. Biti 112 kwa dakika. Mahali gari zinaenda 160! Halafu Jumatatu unakopa fare ya kutoka Gilgil.

Juzi nikaamua liwe liwalo. Mathree ya Free Area, jioni, makanga ananijua, nikaomba bluetooth. Nikaweka Lionsblood ya Duma. Gari yote kimya. Makanga amegeuka polepole: "Brathe, umeniulia spika?"

Nikaanza kuzima. Dere akainua mkono. "Wacha icheze. Kuna mahali injini ilikuwa inagonga tangu asubuhi, sasa siiskii."