Kutafuta hitilafu katika mfumo mdogo wa umeme wa jua

Kutafuta hitilafu katika mfumo mdogo wa umeme wa jua ni kazi ya kuchunguza, hatua kwa hatua, mahali ambapo umeme hupotea kati ya paneli ya sola, betri na vifaa vinavyoutumia. Mifumo ya volti 12 hupatikana katika nyumba, maduka na vibanda vya kuchajia simu vijijini. Muundo huohuo hutumika katika boti na katika matela ya kulala yanayovutwa na magari.

Matumizi Kibondo na Kasulu

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi miji yake ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Nyumba zilizo mbali na nguzo za umeme bado hutegemea sola.

Hali ya hewa huathiri mifumo hiyo. Wakati wa mvua, takriban Oktoba hadi Mei, mawingu hupunguza chaji. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika paneli. Kwa sababu hiyo betri huonekana mbovu wakati tatizo ni uchafu, waya au matumizi makubwa mno. Betri ndiyo sehemu inayochakaa mapema kuliko paneli, na kununua nyingine bila kupima kunaweza kuwa hasara bure.

Sehemu za mfumo

Paneli hubadilisha mwanga wa jua kuwa umeme. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Betri hutunza umeme kwa ajili ya usiku. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi. Inveta, ikiwapo, hugeuza volti 12 kuwa volti 230 kwa ajili ya televisheni na vifaa vingine.

Tahadhari

Volti 12 kwa kawaida hazimrushi mtu, lakini betri iliyopigwa shoti hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha waya na kuwasha moto. Kwa hiyo fyuzi huwekwa karibu na terminali chanya ya betri, na haifai kuiziba kwa kipande cha waya. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, hivyo kibatari au sigara havipaswi kuwa karibu. Asidi ikigusa ngozi au jicho huoshwa mara moja kwa maji mengi. Upande wa volti 230 wa inveta unaweza kuua kama umeme wa gridi.

Katika vidhibiti vingi, betri huunganishwa kwanza na paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutolewa.

Hatua za uchunguzi

Kifaa kikuu ni malitimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Uchunguzi hufuata njia ya umeme kuanzia kwenye chanzo:

1. Paneli. Paneli ya mfumo wa volti 12, ikitolewa kwenye kidhibiti na kupimwa juani, kwa kawaida huonyesha volti 18 hadi 22. Kivuli cha tawi juu ya sehemu ndogo kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima.

2. Kuchaji. Paneli ikirudishwa, volti za betri zinapaswa kupanda, na betri inapokaribia kujaa hufika kati ya 13.8 na 14.4. Zisipopanda kabisa ilhali paneli ni nzima na kuna jua la kutosha, waya, fyuzi au kidhibiti huchunguzwa.

3. Betri iliyotulia. Baada ya saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, betri ya risasi iliyojaa huonyesha takriban volti 12.7. Volti 12.2 ni karibu nusu, na 11.8 ni karibu tupu. Ikibaki karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, huenda seli moja kati ya sita imekufa.

4. Betri ikiwa kazini. Taa huwashwa, kisha hupimwa terminali zenyewe na baadaye vibanio vya waya. Terminali zikibaki na volti 12.5 na vibanio vikawa na 11, betri ni nzima: tatizo ni kutu au nati iliyolegea. Terminali zenyewe zikishuka ghafla, betri imechoka au haina chaji.

5. Kwenye kifaa. Volti zikiwa nzuri kwenye betri na ndogo kwenye taa, waya au swichi ndiyo inayopoteza umeme.

Waya mwembamba

Upotevu katika waya huonekana zaidi kwenye volti 12. Kifaa cha ampea 5 kilicho mita 10 kutoka kwenye betri hutumia mita 20 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza hapo takriban volti 1.2, yaani sehemu ya kumi ya umeme wote. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti.

Matumizi yanayozidi uwezo

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Televisheni ya wati 40 na taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano, hutumia wati-saa 300. Betri ya ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi hudumu zaidi ikitumiwa hadi nusu tu, yaani 600. Siku mbili za mawingu mazito zinaweza kumaliza akiba hiyo. Betri inayoachwa tupu kwa muda mrefu huharibika kabisa. Ndiyo maana kupunguza matumizi wakati wa mvua ni sehemu ya matengenezo, pamoja na kufuta vumbi, kukaza nati na kuongeza maji ya betri katika betri zenye vizibo.