Nyumba Ikulishe, Isikule

Umevuna mpunga. Umeuza magunia, na fedha ziko mkononi. Siku chache baadaye mtu anapiga hodi. Anasema, "Kuna kiwanja kizuri pale Ifakara mjini. Bei hii ni ya leo tu. Kesho tajiri mmoja anakuja kukichukua." Utafanya nini?

Watu wengi wa Bonde la Kilombero wanataka kupata fedha kwa njia ya nyumba. Wako wanaojenga vyumba na kupangisha. Wako wanaonunua nyumba mbovu, wakaitengeneza na kuiuza. Wako madalali, ambao huwakutanisha muuzaji na mnunuzi na kupata malipo yao. Kazi zote tatu ni halali. Zote tatu zimewainua watu, na zote tatu zimewafilisi watu. Katika somo hili tutaona tofauti inatoka wapi.

TAZAMA MAJI KWANZA

Bonde letu ni bonde la maji. Maji ndiyo yanayotupa mpunga, lakini maji hayo hayo huangusha nyumba. Mto Lumemo umefurika na kuingia mjini Ifakara mara nyingi. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba mengi bondeni.

Kwa hiyo usinunue kiwanja ulichokiona wakati wa kiangazi tu. Kiangazi kila mahali ni pakavu. Nenda tena wakati wa masika. Tazama kuta za nyumba za jirani, utaona alama ya maji. Muulize mama anayeuza vitumbua pale njiani, "Maji hufika wapi?" Yeye hana kiwanja cha kukuuzia. Atakuambia kweli.

Pima pia umbali wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukijenga hapo unaweza kubomolewa. Na kama ardhi iko pembeni mwa bonde, uliza mpaka wa hifadhi uko wapi. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Ardhi ya hifadhi haiuzwi, hata muuzaji akiapa.

PILI, MJUE MWENYE MALI

Tanzania ardhi yote ni ya umma. Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu ana haki ya kuitumia, na haki hiyo ndiyo anayoiuza. Ziko sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji.

Kama kiwanja kipo mjini, nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Taja namba ya kiwanja, omba upekuzi ufanywe. Utajua jina la mwenye kiwanja, na kama kimewekwa rehani benki. Kisha nenda na mtaalamu akuonyeshe mawe ya mipaka.

Kama ardhi ipo kijijini, huwezi kumalizana na muuzaji peke yake. Halmashauri ya Kijiji lazima ikubali. Uliza kama ana Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kuanzia mwaka 2016 serikali iliendesha programu ya kupima ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, na wanavijiji wengi walipata hati hizo.

Sasa uliza swali ambalo wengi hulisahau: Je, muuzaji ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi mpaka mwenzi wake akubali. Chukua mfano. Bwana anauza nyumba wakati mkewe yupo shambani anaamia ndege. Anatia sahihi, anapokea fedha, anaondoka. Mke anarudi na watoto, anakuta mtu mwingine amebadilisha kufuli. Mke huyo anaweza kwenda kudai haki yake, na mnunuzi anaweza kukosa nyumba na fedha. Watu wawili wameumia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Basi, mwone mke. Ongea naye. Naye atie sahihi.

Na kama mwenye nyumba amefariki, usinunue kwa mtoto yeyote aliyeshika ufunguo. Mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

DALALI

Dalali mwema anasaidia. Anajua nani anauza na nani anatafuta. Kwa chumba cha kupanga, kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Lakini dalali si mwenye mali. Usimpe yeye fedha ya kiwanja. Hata arubuni, yaani fedha kidogo ya kushikia mali, mpe mwenye mali mwenyewe mbele ya mashahidi, na mwandikiane.

Wako madalali wanaochukua arubuni ya kiwanja kimoja kutoka kwa watu wawili au watatu. Wako pia wanaomwambia mzee, "Kiwanja chako ni cha milioni 2," kisha wanamwuzia mgeni kwa milioni 5. Mzee hajui, na mgeni hajui. Kama wewe ni dalali, sema bei ya kweli kwa pande zote mbili, na taja malipo yako wazi. Hapa kwetu watu wanafahamiana. Jina likiharibika, kazi imekwisha.

KUNUNUA, KUTENGENEZA NA KUUZA

Kazi hii inataka kalamu kabla ya nyundo. Tufanye hesabu ya mfano:

Kununua nyumba mbovu: shilingi 6,000,000
Mabati, mbao na misumari: shilingi 1,500,000
Saruji na mchanga: shilingi 800,000
Milango na madirisha: shilingi 600,000
Mafundi: shilingi 900,000
Karatasi, ada na nauli: shilingi 300,000
Jumla: shilingi 10,100,000

Tuseme umeiuza kwa shilingi 11,000,000. Unafurahi, umepata faida ya 900,000. Ngoja kwanza. Dalali amechukua 500,000. Zimebaki 400,000. Kazi yote imechukua miezi minane. Gawanya: ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na bado hujauliza Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi. Kama mnunuzi angechelewa, au fundi angeharibu, ungepata hasara.

Kwa hiyo faida ya kazi hii hupatikana siku ya kununua. Ukinunua kwa bei ya juu, rangi nzuri haitakuokoa. Tazama msingi, kuta na paa. Ukuta uliopasuka kutoka chini mpaka juu ni dalili ya msingi mbovu. Muite fundi asiyejuana na muuzaji.

KUPANGISHA

Zamani kupangisha nyumba kulitazamwa kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Leo kupangisha kunaruhusiwa. Lakini swali la zamani bado lina maana: Je, mpangaji wako anaishi kama mtu?

Kwanza mjue mpangaji. Ifakara kuna wauguzi na wanafunzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, walimu, wafanyakazi wa reli ya TAZARA na wachuuzi wa mchele. Kidatu kuna wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Barabara nazo huleta watu. Tangu Daraja la Magufuli lenye mita 384 lilipochukua nafasi ya kivuko, safari ya Ifakara na Mahenge haimngojei tena pantoni.

Mpangaji anataka vitu vichache: choo safi, maji ya karibu, paa lisilovuja na wavu wa dirisha. Ziba pia uwazi kati ya ukuta na paa, maana mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo. Chumba kisicho na mbu hakikai bila mtu.

Fanya hesabu tena. Tuseme una vyumba vinne, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Sasa toa. Chumba kimoja kilikaa wazi miezi mitatu: 90,000. Matengenezo: 200,000. Kunyonya choo: 100,000. Kodi za serikali: 50,000. Zimebaki 1,000,000. Kama nyumba ilikugharimu 10,100,000, mtaji utarudi baada ya miaka kumi hivi. Kupangisha ni kama mnazi. Huliwi mwaka wa kwanza, lakini ukitunzwa utakulisha uzeeni.

Kumbuka mambo haya:

1. Andikianeni mkataba. Kila mmoja abaki na nakala.
2. Kila ukipokea kodi, toa stakabadhi.
3. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa ndani ya umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, elewaneni namna ya kumrudishia.
4. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka. Mwenye mshahara mdogo hawezi. Ukikubali miezi mitatu, utapata wapangaji wengi wa kuchagua.
5. Mpangaji akishindwa kulipa, mpe notisi kwa maandishi. Usimtupie vyombo nje wala usimwezulie bati. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwenye vyombo vya sheria.

MFANO WA STAKABADHI

Mimi ............ nimepokea shilingi 90,000 (elfu tisini tu) kutoka kwa ............ Ni kodi ya chumba kimoja, kuanzia tarehe 1 Julai mpaka tarehe 30 Septemba.
Sahihi ya mpokeaji ............ Sahihi ya mpangaji ............ Shahidi ............

Andika fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu huongezwa sifuri kwa urahisi, maneno hayaongezwi.

Ndugu msomaji, zamani ulipewa karatasi ukaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Ukaweka. Leo unajua kusoma. Yule anayekuharakisha asubiri. Chukua karatasi, kaa kivulini, isome tangu juu mpaka chini. Neno usilolielewa, uliza. Kama bei ni ya leo tu, basi na ipite. Viwanja vipo, lakini fedha ya mavuno ya mwaka mzima hutoka mara moja.

MASWALI

1. Kwa nini kiwanja kitazamwe wakati wa masika?
2. Kabla ya kununua nyumba ya ndoa, nani lazima akubali?
3. Ardhi ya kijiji haiuzwi bila ridhaa ya nani?
4. Una vyumba vitatu vya shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka utapata shilingi ngapi kabla ya kutoa gharama?
5. Andika stakabadhi ya kodi ya miezi miwili. Mpe mwenzako aisome.