Anwani za Kughushi Mtandaoni: Namna ya Kuzuia Miunganisho ya Kutilia Shaka bila Kujifungia Nje

Kila kifaa kilichounganishwa na intaneti hupigiwa hodi na wageni usiku na mchana. Zipo programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine, duniani kote, zikitafuta mlango ulioachwa wazi. Kwa sababu hiyo, mwenye ofisi ndogo, shule, zahanati au duka la uwakala wa fedha anayefungua kwa mara ya kwanza kumbukumbu za ngome ya mtandao wake hushtuka kuona mamia ya majaribio yaliyozuiwa. Wazo la kwanza linalomjia ni kuzifungia anwani zote anazoziona. Makala hii inaeleza kwa nini hatua hiyo, ijapokuwa ina nia njema, inaweza kumdhuru mwenye mtandao kuliko inavyomdhuru mvamizi, na ni hatua zipi zinazofaa kuchukuliwa badala yake.

Ngome ya mtandao hufanya kazi gani?

Ngome ya mtandao, ambayo mafundi wengi huiita fayawoli, ni programu au kifaa kinachosimama kati ya mtandao wa ndani na intaneti. Data husafiri katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti inapofika, ngome huilinganisha na kanuni zilizowekwa, kisha huiruhusu au huizuia. Kanuni hizo hutazama mambo manne makuu: pakiti inatoka anwani gani, inakwenda anwani gani, inatumia itifaki ipi, na inaelekea mlango upi. Mlango, au poti, ni namba inayotambulisha huduma. Kwa mfano, 443 hutumiwa na tovuti salama, na 3389 hutumiwa na huduma ya kuendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali.

Ruta nyingi za nyumbani na ofisini zina ngome ndani yake. Ngome hizo hukumbuka mazungumzo: kompyuta yako ikiomba ukurasa wa tovuti, jibu lake huruhusiwa kuingia kwa kuwa liliombwa. Pakiti isiyoombwa na mtu yeyote wa ndani huachwa nje.

Anwani hughushiwaje?

Pakiti inafanana na bahasha ya posta. Ina anwani ya mpokeaji na anwani ya mtumaji. Ili barua ifike, anayeipeleka huhitaji anwani ya mpokeaji tu. Aliyeiandika anaweza kujaza jina lolote upande wa mtumaji. Ruta za intaneti zilijengwa kwa mtindo huohuo. Hutazama pakiti inakwenda wapi, na kwa kawaida hazihakiki ilikotoka. Mtaalamu Steven Bellovin alieleza udhaifu huu kwa kina mwaka 1989, na mwaka 1994 mbinu ya kughushi anwani ilitumika katika uvamizi maarufu wa kompyuta za mtafiti Tsutomu Shimomura huko Marekani.

Hata hivyo, si kila muunganisho unaweza kughushiwa kwa urahisi. Itifaki ya TCP, inayobeba tovuti na barua pepe, hudai salamu ya hatua tatu kabla mazungumzo hayajaanza. Anayepiga hodi hutuma ombi, mwenye nyumba hujibu, kisha mgeni huthibitisha kuwa amelipokea jibu. Jibu hilo hupelekwa kwenye anwani iliyotajwa. Aliyeghushi anwani hatalipata, hivyo hawezi kukamilisha salamu. Itifaki ya UDP haina salamu hiyo, na ndiyo maana hupendwa na wenye kughushi.

Tofauti hii humsaidia mtumiaji kuzisoma kumbukumbu za ngome yake. Iwapo zinaonesha kuwa mtu alifikia hatua ya kujaribu nywila mara nyingi, salamu ilikamilika, na karibu kwa hakika anwani hiyo ni ya kompyuta ya kweli, ingawa huenda ni kompyuta ya mtu mwingine iliyoambukizwa. Iwapo zinaonesha wimbi la pakiti za UDP, au maombi mengi ya TCP yaliyoishia hatua ya kwanza, anwani zinazoonekana zinaweza kuwa za uongo mtupu.

Kwa nini wahalifu hughushi?

Sababu ya kwanza ni kujificha. Mwezi Septemba 1996, mtoa huduma wa intaneti wa New York aitwaye Panix alishambuliwa kwa wimbi la maombi ya TCP yasiyokamilika yenye anwani za kughushi. Seva zake zilibaki zikisubiri wageni wasiokuwapo, na wateja wa kweli wakakosa nafasi.

Sababu ya pili ni kuzidisha nguvu. Mhalifu hutuma swali dogo kwa seva ya mtu mwingine, akiandika anwani ya mlengwa kana kwamba mlengwa ndiye aliyeuliza. Seva hujibu kwa jibu kubwa, na jibu hilo humwangukia mlengwa. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilishambuliwa kwa njia hii. Wimbi hilo lilifikia kilele cha terabiti 1.35 kwa sekunde, likitokana na seva za memcached zilizoachwa wazi ambazo jibu lake huweza kuwa kubwa kuliko swali kwa makumi ya maelfu ya mara.

Sababu ya tatu ni kusingizia. Anayejua kuwa ngome yako humfungia kila anayeonekana kushambulia anaweza kuandika anwani ya asiye na hatia, ili wewe mwenyewe umfungie.

Hatari ya kufungia kwa pupa

Tuchukue mfano wa duka la dawa linalopokea malipo kwa mtandao. Ngome yake imepangwa kumfungia daima mtumaji yeyote anayezidisha maombi. Mhalifu akituma pakiti zenye anwani ya seva ya malipo, ngome huifungia seva hiyo. Siku hiyo malipo hayapiti, wagonjwa wanarudi nyumbani bila dawa, na mwenye duka anamlaumu mtoa huduma kwa kosa lililotendwa na kanuni yake mwenyewe.

Hatari nyingine hutokana na uhaba wa anwani. Mfumo wa IPv4 una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, ambazo hazitoshi. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Ukiifungia anwani hiyo kwa sababu ya simu moja iliyoambukizwa, unawafungia pia wateja wako halali wanaoishiriki. Anwani nyingi hubadilika pia. Ya mvamizi leo yaweza kuwa ya mzazi wa mwanafunzi wako kesho. Kwa hiyo mtumiaji anashauriwa kutoichukulia anwani kuwa kitambulisho cha mtu.

Hatua zinazopendekezwa

1. Funga yote, kisha fungua unachohitaji. Kanuni ya msingi kwa miunganisho inayotoka nje iwe kuzuia. Ruhusu tu huduma ambayo unaweza kuitaja kwa jina na kueleza inamhudumia nani. Kanuni hii hufanya kazi iwe anwani ni ya kweli au ya kughushi, na huondoa haja ya kufukuzana na anwani moja moja. Kama mtandao wako unatumia IPv6, hakikisha kanuni hiyo inatumika huko pia.

2. Zuia watumaji wasiowezekana. Zipo anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, ambazo hazipaswi kamwe kuonekana kuwa mtumaji kutoka intaneti. Hizo ni zinazoanza na 10, zilizo kati ya 172.16.0.0 na 172.31.255.255, na zinazoanza na 192.168. Ongeza zinazoanza na 127, ambazo kompyuta hutumia kujisemesha yenyewe. Zinazoanza na 169.254, na zile za kuanzia 224 hadi 239, ambazo ni za makundi ya wapokeaji na haziwezi kuwa za mtumaji. Pakiti inayoingia kutoka nje ikidai kuwa imetoka ndani ya mtandao wako, izuiwe pia.

Tahadhari: kabla ya kuweka kanuni hii, tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikiwa ruta iko nyuma ya modemu au ruta nyingine, anwani hiyo inaweza kuwa mojawapo ya hizo zilizotajwa, na kanuni itakukatia mawasiliano.

3. Chuja pia kinachotoka. Ruhusu kutoka nje pakiti zenye anwani za mtandao wako tu. Ushauri huu ulichapishwa na wataalamu wa intaneti mwezi Mei 2000 katika waraka ujulikanao kama BCP 38. Hauzuii mashambulizi yanayokuja kwako. Huzuia kompyuta yako iliyoambukizwa isitumike kuwashambulia wengine kwa jina la uongo. Laiti kila mtandao ungefanya hivyo, kughushi anwani kungepungua sana.

4. Usiweke huduma za usimamizi hadharani. Ukurasa wa mipangilio ya ruta usifikiwe kutoka intaneti. Milango 23, 445 na 3389 isifunguliwe kwa nje; anayehitaji kufanya kazi kutoka mbali atumie VPN. Badilisha nywila za kiwandani kwenye ruta na kamera za ulinzi. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka vifaa vingi vya aina hiyo kwa kujaribu nywila za kiwandani tu.

5. Hakikisha vifaa vyako havijibu maswali ya wageni. Huduma ya DNS iliyo ndani ya ruta yako iwahudumie watu wako wa ndani pekee. Ikiachwa wazi kwa dunia, hugeuka chombo cha kuzidishia mashambulizi.

6. Weka kikomo badala ya kifungo cha daima. Ngome nyingi huweza kupunguza idadi ya maombi kwa sekunde, au kumzuia mtumaji kwa dakika chache. Kama kuna kipengele cha kinga dhidi ya maombi ya TCP yasiyokamilika, kiwashe. Ufungiaji wa kiotomatiki utumike tu pale ambapo salamu ya TCP ilikamilika, kwa mfano baada ya nywila kukosewa mara nyingi.

7. Tenga wasiofungiwa kiotomatiki. Andika anwani za benki yako, za mfumo wa malipo na za fundi wako, ili ngome isizifungie yenyewe. Kutengwa huku kusimaanishe kuruhusiwa kila kitu, kwa kuwa anwani hizo nazo zaweza kughushiwa. Kanuni nyingine zote ziendelee kuzihusu.

8. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Hifadhi nakala ya mipangilio, weka kanuni moja, kisha jaribu malipo, barua pepe na simu za mtandao kabla ya kuendelea.

Jambo ambalo ngome yako haiwezi

Wimbi kubwa la pakiti hujaza njia yako ya intaneti kabla halijafika kwenye ngome. Hata ngome ikizuia kila pakiti, njia imeshajaa. Hapo anayeweza kusaidia ni mtoa huduma wako, kwa kuchuja juu zaidi kabla wimbi halijakufikia. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa intaneti ya ofisi, muulize maswali matatu: Je, mnachuja pakiti zenye anwani za kughushi kutoka kwa wateja wenu? Mkijulishwa kuwa nashambuliwa, mnaweza kuchuja upande wenu? Nimpigie nani usiku au siku ya mapumziko? Majibu hayo yaandikwe.

Ukishambuliwa

Hifadhi kumbukumbu za ngome zikionesha tarehe, saa, anwani, itifaki na milango iliyolengwa. Hakikisha saa ya ruta ni sahihi, kwa sababu kumbukumbu zenye saa isiyo sahihi ni vigumu kuzilinganisha na za mtoa huduma. Mjulishe mtoa huduma mara moja. Tukio linaweza pia kuripotiwa kwa TZ-CERT, kitengo cha kitaifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, kilichoanzishwa kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Malalamiko kuhusu huduma huwasilishwa kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, una haki ya kuyafikisha kwa Mamlaka.

Usijaribu kulipiza kisasi. Anwani unayoiona inaweza kuwa ya hospitali au shule isiyojua lolote, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama wewe ndiye uliyeanza kuonewa.

Kumbuka

Idadi kubwa ya majaribio yaliyozuiwa ni dalili kuwa ngome inafanya kazi yake. Swali la kujiuliza kila mwezi ni hili: milango ipi iko wazi, ni ya nani, na je, bado inahitajika? Mwenye majibu ya swali hilo hana haja ya kujua kila anayepiga hodi ni nani.