Kabla ya Kuuliza Wanaomba Vipi

Mgeni akifika Korbesa, kando ya Ewaso Nyiro, akawakuta Waborana wakikaanga buni zenye maganda kwa samli, zikipasuka huku wazee wakiomba baraka, huenda akanong'ona kwamba huo ni ushirikina. Wenyewe ni Waislamu, na ibada hiyo, buna qalla, waliirithi kabla ya msikiti. Wapo Waislamu wenzao wasioipenda, lakini asiyekuja kikaoni harudi nyumbani akakuta mifugo yake imechukuliwa. Ugeni wa ibada, basi, hautuambii lolote kuhusu hatari ya kikundi. Hata marufuku ya serikali haitoshi: Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1948, na Kenya huru nayo ikaipiga marufuku mwaka 1968. Wote wawili waliogopa siasa yake.

Paul Mackenzie, kwa upande wake, alihubiri Malindi hadharani, hata kwenye televisheni. Wafuasi walianza kwa kuwatoa watoto shuleni, wakasusia hospitali, kisha wakahamia msitu wa Shakahola, mbali na macho ya jirani. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa humo, ikiwemo ya watoto wengi. Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wafunge hadi kufa, alikana mashtaka. Ila kufunga kwenyewe hakukuwa jambo geni. Korbesa nzima hufunga Ramadhani, lakini mgonjwa na msafiri wana ruhusa, mtoto halazimishwi, na magharibi ikiingia watu hula. Mfungo wa Shakahola haukuwa na magharibi. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walikuwa wameshatoa mali zao na kuzuiwa hata kuzungumza; tarehe 17 Machi 2000 waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari.

Atasema mtu: hata dini kubwa humtenga anayetoka, na zimewahi kuficha maovu ya viongozi wake. Kweli, na pale zinapofanya hivyo zinastahili lawama ileile; ukubwa si kinga. Tofauti ni kwamba muumini wa kawaida akikosana na imamu wake huswali msikiti wa pili, akiugua huenda zahanati, na akidhulumiwa ana chifu na mahakama. Mlango huo wa kutokea ukizibwa, jina lililoandikwa kwenye cheti cha usajili halina maana. Kwa hiyo kikundi kipya kikija kwenu, acha kwanza habari ya nyimbo na kanzu zao. Uliza watoto wao wanasoma shule gani.