MEZA YA BWANA NA CHAKULA CHA MATEMBEZI

Nimeshika kalamu kufafanua jambo linalotuletea ubishi mwingi bwenini: mbona sisi Wakristo wa ufuo mmoja wa ziwa hatuketi meza moja kanisani?

Kwanza historia. Kanisa la Friends, yaani Marafiki, lilifika Kaimosi mwaka 1902. Mapadri wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903. Mwaka 1906 Waanglikana walianza kazi Maseno, nao Wasabato wakaanza Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye Legio Maria ilizaliwa papa hapa Nyanza kwa kujitenga na Wakatoliki, ikasajiliwa na serikali mwaka 1966.

Kila mmoja alikuja na mafundisho yake. Mkatoliki husadiki kwamba mkate na divai hugeuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo. Ndiyo sababu kwa kawaida hupokea Mkatoliki tu, tena akiwa amekaa saa moja bila kula. Kwa Msabato, mkate na maji ya zabibu yasiyochachuka ni ishara. Kabla ya kushiriki, waumini huoshana miguu kama ilivyo katika Yohana 13. Rafiki naye hatumii mkate wala divai, kwani kwake ushirika ni wa moyoni. Basi mwenzako akikataa kupokea kanisani kwenu, si maringo. Analinda imani yake.

Mtauliza, matembezi yameingiaje hapa? Hebu fungueni 1 Wakorintho 11. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipokutana, wengine walishiba na kulewa huku maskini wakibaki na njaa. Jameni, huyo si sisi tukiwa Dunga? Mmoja anaagiza ngege mzima na ugali, mwingine kajitenga kando ya maji na kipande cha mkate mkavu, akijifanya hana njaa. Kwa Paulo, kula namna hiyo ni kulidharau kanisa la Mungu.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Mosi, chakula cha safari kipikwe pamoja na kigawanywe sawa. Padri wala mchungaji hatukatazi kula ugali sufuria moja. Pili, tusipange safari Jumamosi. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua. Tukisafiri siku hiyo, tunamwambia Msabato achague kati ya Mungu wake na wenzake. Jumapili nayo ina wenyewe. Sikukuu za taifa zinazoangukia siku nyingine zatosha. Tatu, tukienda Kit Mikayi kule Seme, tukumbuke kuwa watu huenda kusali miambani pale, wakiwemo wa Legio Maria. Kwetu ni matembezi, kwao ni ibada. Tushushe sauti.

Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali. Meza ya kanisani hatuwezi kuiunganisha sisi wanafunzi. Hiyo ni kazi ya maaskofu na wazee wa makanisa. Lakini sufuria ya Dunga iko mikononi mwetu. Msimamizi wa safari ijayo, umesikia?